Kizuri Chajiuza, Lakini Kizuri kwa Nani? Jua Shida ya Mteja Kabla Hujaagiza Mzigo

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kama sasa hivi uko na wateja, lihifadhi ulisome usiku ukiwa umetulia. Uwe na daftari karibu, kuna sehemu utahitaji kuandika.

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaouza mtandaoni ni hili: "Nina laki tano, niuze nini?" Wengine wameshaanza, wao wananiuliza, "Nimeona mtu fulani anauza sana vitu hivi, na mimi nilete?"

Nawaelewa kabisa. Laki tano ya mfanyabiashara mdogo mara nyingi si ya kwake peke yake. Kuna iliyotoka kikoba, kuna ya mume au mke, kuna ambayo ilikuwa ya ada ya muhula ujao. Mzigo ukilala ndani, marejesho ya kikoba hayalali.

Ndiyo maana leo sitakutajia bidhaa hata moja ya kukimbilia. Anza na mtu na shida yake, hasa ile shida ambayo tayari anaitolea hela, muda au jasho. Bidhaa inakuja mwisho. Ukifuata mpangilio huo utaacha kubahatisha. Twende taratibu.

1. Bidhaa moja, shida tatu

Mimi nauza vyombo vya jikoni, mzigo wangu mwingi natoa Kariakoo. Tuchukue hotpoti ndogo ya kubebea chakula. Ukiniuliza nauza nini, nitasema hotpoti. Lakini sikiliza wanaokuja inboksi wanauliza nini.

Mama mwenye mtoto wa darasa la pili anauliza: "Dada, haivuji? Maana begi lina madaftari." Halafu anauliza tena: "Mtoto anaweza kuifungua mwenyewe?"

Kaka anayefanya kazi mjini anauliza: "Chakula kinabaki cha moto mpaka saa ngapi?" Huyu anapika usiku, anapasha asubuhi, anakula saa saba mchana. Amechoka kutoa hela ya chakula kila siku.

Mama lishe anayepeleka chakula maofisini anauliza: "Zikiwa dazeni unanifanyiaje? Na vifuniko vyake vinauzwa peke yake?"

Hotpoti ni ileile. Lakini wa kwanza anataka begi lisichafuke na mtoto ale bila kusaidiwa. Wa pili anataka kuokoa hela ya mchana. Wa tatu anataka chakula kifike kwa mteja wake kikiwa na heshima, na kifuniko kikipotea asinunue hotpoti nzima upya.

Clayton Christensen, aliyekuwa profesa wa biashara Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alifundisha jambo hili kwa namna rahisi: mtu anaponunua kitu ni kama anakiajiri kimfanyie kazi fulani. Kikifanya kazi hiyo vizuri, anakirudia. Kisipofanya, anakifukuza na kutafuta kingine. Sasa wewe jiulize: bidhaa yako imeajiriwa kufanya kazi gani? Kama jibu lako ni "ni nzuri na bei chee", bado hujalijua. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Sawa, lakini kizuri kwa nani, na kwa kazi gani?

2. Tazama anachofanya, M-Pesa ilianza hivyo

Wengi tunaitumia M-Pesa kila siku bila kujua kwamba mwanzoni haikupangwa iwe hivi ilivyo.

Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza jaribio nchini Kenya, wakisaidiwa na fedha za mfuko wa serikali ya Uingereza. Walishirikiana na taasisi ya mikopo midogo, Faulu Kenya. Lengo lilikuwa watu wenye mikopo midogo wapokee mkopo na kufanya marejesho kwa simu. Walianza na wateja kama 500, Nairobi na Thika.

Basi wateja wakaanza kuutumia mfumo kwa namna zao. Mtu anamlipia mwenzake marejesho kwa sababu anadaiwa naye kitu. Wafanyabiashara wanalipana wao kwa wao. Mwingine anaweka hela kwa wakala jioni kwa sababu benki imeshafungwa na hataki kulala na fedha za mauzo. Mwingine anasafiri, anaweka hela upande mmoja na kuitoa anakokwenda, asitembee na fedha mfukoni njia nzima.

Hakuna aliyewafundisha. Shida ilikuwepo siku zote. Watu walikuwa wanatuma hela kwa basi, kwa dereva, kwa ndugu anayekwenda nyumbani, na wakati mwingine haifiki. Yaani walikuwa tayari wanailipia shida hiyo, kwa nauli, kwa ada, na kwa hofu.

Waliokuwa wanaendesha jaribio waliliona hilo. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ujumbe mkubwa haukuwa kulipa mikopo. Ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Basi. Jambo moja ambalo kila mtu mwenye mzazi kijijini alilielewa hapo hapo.

Somo kwako wewe mwenye ukurasa wa wafuasi 800 ni hili: kampuni kubwa yenye wataalamu haikujua kila kitu siku ya kwanza. Iliwatazama wateja 500 wanafanya nini, halafu ikabadili mwelekeo. Wewe huna 500, lakini una 20 au 30 wanaokuandikia kila wiki. Je, unawatazama?

3. Uliza yaliyopita, usiulize yajayo

Kuna swali wauzaji wengi tunalipenda: "Jamani nikileta hivi mtanunua?" Unaliposti, unapata mioyo 60 na "leta dada, tunasubiri". Unaleta. Wananunua wanne.

Wale wengine hawakudanganya kwa ubaya. Kusema "nitanunua" hakugharimu kitu, na watu wana adabu, hawapendi kukuvunja moyo. Rob Fitzpatrick aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, The Mom Test, kilichotoka 2013. Msingi wake ni kwamba hata mama yako mzazi atakusifia wazo lako kwa sababu anakupenda. Kwa hiyo usimuombe mtu maoni juu ya wazo lako. Muulize maisha yake yanavyokwenda, na alifanya nini mara ya mwisho.

Linganisha hapa.

Badala ya "Ungependa hotpoti nzuri ya mtoto?", uliza: "Mama, jana mtoto alibeba nini kwenda shule, na ulikifungaje?"

Badala ya "Ungelipa shilingi ngapi?", uliza: "Unachotumia sasa ulikinunua wapi, na ulitoa shilingi ngapi?"

Badala ya "Unaonaje rangi hizi?", uliza: "Mara ya mwisho chombo kilikusumbua nini?"

Akikujibu, nyamaza usikilize. Usirukie kuuza. Mama mmoja aliwahi kuniambia anafunga kopo la mtoto kwa kitambaa, halafu anazungusha rababendi mbili, halafu analisimamisha katikati ya madaftari ili lisilale. Kila asubuhi anafanya hivyo. Ukisikia kitu kama hicho, simama hapo hapo. Mtu anayehangaika hivyo kila siku ameshakuonyesha kwamba shida ni ya kweli. Hahitaji kushawishiwa kwamba anahitaji chombo kisichovuja. Anahitaji kuona kwamba chako hakivuji.

Kwa hiyo posti ya mteja huyu haihitaji maneno mengi. Jaza hotpoti maji, igeuze juu chini juu ya daftari, piga video ya sekunde 15. Umemaliza. Ukiweka ua pembeni na muziki mzuri bila kuigeuza, hujamjibu swali lake.

4. Inboksi yako ni daftari la utafiti

Kabla hujatafuta wateja wapya wa kuwahoji, rudi kwenye meseji zako za mwezi uliopita. Chora safu nne kwenye daftari:

- Nani ameuliza (mama, mwanafunzi, mwenye mgahawa, n.k.)
- Maneno yake halisi, usiyapambe
- Alitaka kwa ajili ya nini
- Alinunua? Kama hapana, aliishia wapi?

Jaza watu 30. Utashangaa. Utaona safu ya tatu iko tupu karibu yote, kwa sababu mteja aliuliza "bei gani?", ukamtajia bei, mazungumzo yakaishia hapo.

"Bei gani?" ina maana nyingi. Mmoja ana hela mkononi. Mwingine analinganisha maduka matatu. Mwingine hajui aanzie wapi kuuliza, kwa hiyo anaanzia kwenye bei. Ukijibu bei tupu, wote umewapa jibu moja.

Jaribu hivi: taja bei wazi, halafu ongeza swali dogo moja. "Ni 18,000 dada. Unachukua ya mtoto wa shule au ya kwako ya kazini?" Swali hilo ni jepesi kujibu, halimchoshi, na wewe unapata safu ya tatu. Tafadhali bei iandike kwenye posti pia. Ile tabia ya "bei njoo inboksi" inakuletea watu waliokasirika kabla hamjasalimiana.

Halafu kuna wale wa "nitakucheki". Usiwasumbue kila siku. Subiri wiki moja, muulize kwa heshima: "Habari dada, ile hotpoti ulifanikiwa kupata? Ulichukua ya aina gani?" Humbani, unajifunza tu. Hapo ndipo utamjua mshindani wako wa kweli. Mara nyingi ni kitu kingine kabisa, wala si mwenzako mwenye duka la pili. Mama atakwambia, "Niliacha, siku hizi nampa mtoto hela anunue maandazi shuleni." Kumbe ulikuwa unashindana na maandazi! Kushusha bei ya hotpoti hakutamshinda muuza maandazi. Mkokotolee gharama za wiki, mwonyeshe hela anayotoa kila siku inafika wapi ikijumlishwa, mwache aamue mwenyewe.

5. Chagua kundi moja kwanza

Hapa ndipo penye kazi ngumu. Umeshajua una makundi matatu. Kichwa kinakwambia uwauzie wote. Mtaji wako unasema huwezi.

Mama wa mwanafunzi anataka ndogo, nyepesi, za rangi za watoto. Mfanyakazi anataka yenye tabaka mbili na inayotunza joto muda mrefu. Mama lishe anataka nyingi zinazofanana, za bei ya jumla, na vifuniko vya akiba. Ukigawa laki tano mara tatu, kila kundi utalipa mzigo kidogo, rangi hazitoshi, saizi hazitoshi, na ukurasa wako hauelezeki.

Pima kila kundi kwa maswali manne:

- Shida yao inajirudia mara ngapi? Kila siku, kila mwaka?
- Tayari wanaitolea hela au wanavumilia tu?
- Naweza kuwafikia bila gharama kubwa?
- Baada ya kutoa gharama zote, nabaki na nini?

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme hotpoti unainunua 11,000 na kuuza rejareja 18,000, bodaboda analipa mteja. Faida ni 7,000. Kuuza 12 kwa kina mama 12 unapata 84,000. Lakini tuseme kuwapata hao 12 umetumia 30,000 za tangazo na bando. Umebaki na 54,000, na umejibu meseji za watu labda 50.

Mama lishe anachukua 12 kwa 15,000 kila moja. Faida ni 4,000 mara 12, yaani 48,000. Umeongea na mtu mmoja tu.

Ukiangalia haraka utasema mama lishe ndiye bora, muda mwingi umeokoa. Lakini endelea kuuliza. Mama lishe akishanunua, atarudi lini? Mpaka ziharibike au biashara yake ikue. Kina mama wa shule wako kwenye magrupu ya WhatsApp ya darasa, mmoja akifurahi anaposti, na Januari shule zinapofunguliwa wanatafuta wote kwa pamoja. Kwa hiyo aliye bize na ajira, mwenye saa mbili tu kwa siku, anaweza kumchagua mama lishe. Aliye nyumbani na simu mkononi, mwenye watoto shuleni na anayejulikana na wazazi wenzake, achague kina mama. Jibu linategemea wewe una nini: muda, mtaji, na watu unaowafahamu.

Ukishachagua, kubali kuacha vingine. Utaona seti nzuri ya vikombe, bei imeshuka, mkono unawasha. Jiulize: kundi langu linaihitaji? Kama hapana, pita. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na mkakati, kujua mapema utakataa nini.

6. Jaribu kabla hujafunga mzigo

Mwaka 1999 kijana mmoja huko San Francisco, Marekani, Nick Swinmurn, alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu mguuni. Wakati ule wengi waliona haiwezekani. Hakukodi ghala wala hakuagiza kontena. Alikwenda kwenye maduka ya viatu, akaomba kupiga picha, akaziweka mtandaoni. Mtu akiagiza, anakwenda dukani ananunua jozi ile kwa bei ya kawaida, anamtumia. Faida hakuwa anapata. Alichokuwa ananunua ni jibu: watu watalipa au hawatalipa? Walilipa. Biashara hiyo ikawa Zappos, na mwaka 2009 Amazon ikainunua.

Sisi tuna bahati, Kariakoo ipo, na wauzaji wa jumla wengi wanakubali ukiwaomba vizuri. Fanya hivi:

Kwanza, ongea na mwenye duka, omba ruhusa ya kupiga picha, jua bei na kama mzigo upo wa kutosha.

Pili, posti ukisema ukweli: "Hii ni kwa oda, unaipata baada ya siku mbili." Usidanganye kwamba unayo mkononi. Mteja akikukamata mara moja, jina limekwenda.

Tatu, pokea malipo ya awali, hata 5,000. Moyo kwenye posti haukuambii kitu. Mtu aliyetoa 5,000 amekuambia mengi.

Nne, na hii watu huiruka: andika kiwango chako kabla hujaanza. Mfano, "Nikipata oda nane zenye malipo ya awali ndani ya siku saba, nachukua dazeni mbili. Nikipata chini ya nne, naacha na narudisha hela za watu siku hiyo hiyo." Kiandike, kibandike ukutani. Usipokiandika, ukipata oda mbili utaanza kujisemea kwamba wiki ilikuwa mbaya, mvua ilinyesha, watu hawana hela. Ukishaipenda bidhaa, hukosi sababu ya kuitetea.

7. Ukishauza, kazi bado

Wiki mbili baada ya kuuza, mtafute mteja: "Mama, ile hotpoti inaendeleaje? Mtoto anaifungua mwenyewe?" Kama inavuja, bora akwambie wewe kuliko alalamike kwenye grupu la darasa. Kama anafurahi, muulize maneno anayoweza kumwambia mwenzake, na umwombe ruhusa uyatumie. Maneno yake yatauza kuliko yako, kwa sababu anaongea lugha ya wenye shida ileile.

Sikiliza pia anachoongeza bila kuulizwa. Akisema "ningepata na kijiko kinachoingia ndani ya kifuniko", kiandike. Wakisema watatu, hiyo ni bidhaa yako inayofuata, na hukuota usiku wala hukuiga ukurasa wa mtu.

Kazi ya wiki hii

- Chukua meseji 30 za mwisho, jaza zile safu nne.
- Ongea na wateja watano kwa simu au ana kwa ana. Uliza yaliyopita tu. Usiuze kitu siku hiyo.
- Andika sentensi moja: "Namsaidia (nani) anayehangaika na (nini), ambaye sasa hivi anafanya (nini)." Kama huwezi kujaza sehemu ya tatu, bado hujawasikiliza vya kutosha.
- Chagua kundi moja, jaribu bidhaa moja kwa oda kwa siku saba.

Kama una laki tano mkononi na ulikuwa unakwenda sokoni kesho asubuhi, ahirisha kwa wiki moja. Soko halihami, na hiyo wiki haitakugharimu zaidi ya vocha.

Ile sentensi ya tatu iandike hapo chini kwenye komenti, nitazipitia na kukujibu moja moja. Na kama una mwenzako ambaye mzigo umemlalia ndani, mtumie somo hili. Biashara njema.